Kodi ya F kwenye gitaa: mwongozo kamili kwa aliyejaribu akashindwa

Wanaojifunza gitaa wengi hukwama mahali pamoja. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za C, G, Am, Em na D zimeshakaa mkononi, nyimbo mbili tatu zinapigika, halafu inakuja F: kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote sita, vingine vitatu visimame mbele yake. Kinachotoka ni "tk, tk, tk". Mtu anakaza mkono mpaka unauma, mwisho anaamua kwamba vidole vyake ni vifupi, au anaanza kuchagua nyimbo zisizo na F.

Ufupi wa vidole ni nadra sana kuwa sababu, na nguvu siyo dawa. Mara nyingi kosa ni moja kati ya haya matatu: nyuzi za gitaa lenyewe ziko juu mno, kidole cha shahada kimelala pasipo pake, au mtu ameanzia freti ya 1, ambayo ni ngumu kuliko zote (freti ni vile vyuma vinavyokatisha shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani). Hatua zilizo hapa chini zinayashughulikia kwa mpangilio huo. Usiruke ya kwanza hata kama gitaa lako ni jipya. Magitaa mapya ya bei nafuu ndiyo yenye ugonjwa huu zaidi.

Maelezo ni kwa anayebonyeza nyuzi kwa mkono wa kushoto. Mwenye gitaa la mashoto ageuze. Uzi wa 1 ni ule mwembamba kuliko wote, uzi wa 6 ndio mnene.

## Vitu vya kuwa navyo

- Gitaa lolote la nyuzi sita. Gitaa la umeme ndilo jepesi kubonyeza, gitaa kavu la nyuzi za chuma ndilo gumu, la nailoni liko katikati ila shingo yake ni pana.
- Seti mpya ya nyuzi. Kwa gitaa kavu la chuma omba "10" au "11", yaani seti ambayo uzi wake wa 1 una unene wa inchi 0.010 au 0.011. Magitaa mengi huja na 12, na tofauti hiyo ndogo inasikika sana kwenye kidole kilicholala. Kwa gitaa la umeme, 9 inatosha.
- Programu ya kutyuni (kuweka sawa sauti za nyuzi) na ya metronomu (ya kuhesabu midundo) kwenye simu. Za bure zinatosha.
- Kadi bapa za plastiki nne au tano zenye unene wa kadi ya benki, zisizo na maandishi yaliyovimba. Hizi ni za kupimia.
- Kapo, yaani kibano kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, kama unaweza kuazima hata kwa siku moja.
- Kikata kucha. Kucha za mkono wa kushoto zikipita nyama ya kidole, vidole havitasimama wima.
- Dakika 10 hadi 15 kila siku. Saa moja na nusu ya Jumapili haiwezi kuchukua nafasi ya hizo.

Tahadhari: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Chuma huvuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya nailoni. Daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) litang'oka au shingo itapinda, na hilo halirekebishwi kwa gundi ya dukani.

## Hatua ya 1: Pima gitaa kabla ya kuulaumu mkono

Tyuni kwanza, maana nyuzi zilizolegea au kukazwa kupita kiasi zitakupa vipimo vya uongo. Kutoka uzi wa 6 hadi wa 1: E, A, D, G, B, E.

Kimo cha nyuzi. Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu pamoja, zipitishe kati ya uzi wa 6 na chuma cha freti ya 12. Kwenye gitaa kavu la chuma, kadi tatu (karibu milimita 2.3) zikigusa uzi bila kuuinua, kimo ni kizuri. Kadi nne zikipita bila kugusa kitu, nyuzi ziko juu. Kwa gitaa la umeme tarajia kadi mbili, pengine na upenyo kidogo. Kwa nailoni, kadi nne hadi tano ni kawaida.

Shingo. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 14 kwa mwingine, kisha tazama freti ya 7. Panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana, wa karatasi mbili tatu hivi. Kadi ya benki ikipenya hapo, shingo imepinda. Magitaa mengi ya chuma yana kijiti cha chuma ndani ya shingo cha kunyooshea, lakini kama hujawahi kukigusa mpe fundi. Kijiti hicho kikikatika, gharama yake inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Daraja dogo. Hiki ni kile kipande cheupe kilichoko kichwani mwa shingo, chenye mifereji sita inayopitisha nyuzi. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama mwanya kati ya uzi huo na freti ya 1. Unatakiwa uwe kama unene wa karatasi. Ukiwa mkubwa waziwazi, mifereji haikuchimbwa vya kutosha, na F kwenye freti ya 1 itakutesa hata ukiwa bingwa. Rudia kwa kila uzi, kwa sababu mara nyingi ni mmoja au miwili tu yenye tatizo.

Mwenye kapo ana kipimo cha uhakika zaidi. Funga kapo kwenye freti ya 1, kisha jaribu umbo la F moja mbele yake, yaani kidole cha shahada kwenye freti ya 2. Ikawa ghafla rahisi? Basi mkono wako hauna kosa, daraja dogo ndilo lililo juu, kwa sababu kapo imelipita.

Kazi hizi kwa fundi ni ndogo. Mifereji ya daraja dogo huchimbwa kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo. Akizidisha, uzi utakoroma ukipigwa wazi na itabidi kipande kibadilishwe. Kushusha kimo huku chini, fundi hupunguza kipande cha mfupa au plastiki kilichokaa juu ya daraja kubwa. Ili uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, inabidi milimita 2 ziondoke pale. Mwambie akuoneshe alama atakapoishia kabla hajaanza kusugua.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja kuna jambo la ziada. Unyevu huvimbisha ubao wa mbele wa gitaa kavu, daraja linainuka na nyuzi zinapanda nalo. Lililokuwa sawa miezi ya kiangazi huweza kuwa gumu wakati wa masika. Lihifadhi ndani ya begi lake, mbali na ukuta wenye unyevu, na usiliache ndani ya gari juani. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, kwani uzi wenye kutu hukwaruza kidole na huwezi kuteleza nao kutoka freti hadi freti.

## Hatua ya 2: Mkao

Hapa hapahitaji maneno mengi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Inua shingo ya gitaa kidogo, kichwa kiwe usawa wa bega, kwa sababu shingo iliyolala chini hulazimisha kiwiko kwenda mbali na kifundo cha mkono kukunjika. Mkono wa kulia ulalie mwili wa gitaa na kulishikilia. Wa kushoto usiwe na kazi ya kubeba shingo hata kidogo.

Dole gumba la kushoto likae nyuma ya shingo, katikati ya upana wake, likitazamana na mahali palipo kati ya kidole cha shahada na cha kati. Likichungulia juu ya shingo, kidole cha shahada hakitaweza kunyooka.

## Hatua ya 3: Kidole cha shahada peke yake, freti ya 5

Kwa nini freti ya 5? Kwenye gitaa la urefu wa kawaida, nafasi ya freti ya 1 ina karibu milimita 36, ya freti ya 5 ina karibu 29. Vidole havitanuki sana. Pia uko mbali na daraja dogo, kwa hiyo uzi unashuka kirahisi, na mkono uko karibu na mwili.

Laza kidole juu ya nyuzi zote sita, kikiwa kimeegemea chuma cha freti ya 5 upande wa kichwa cha gitaa. Kiguse kabisa chuma hicho bila kukipanda. Kila milimita unayorudi nyuma inakudai nguvu zaidi, na ukifika katikati ya nafasi uzi unaanza kukoroma.

Sasa zungusha kidole kidogo kuelekea kichwa cha gitaa, ili kinachogusa nyuzi kiwe ubavu wake wa upande wa dole gumba, siyo tumbo lake. Tumbo la kidole ni laini na lina mikunjo. Uzi huzama ndani ya mkunjo na kuwa bubu. Ubavu una mfupa karibu. Mzunguko wenyewe ni mdogo, usipindishe mkono mzima.

Kisha donoa nyuzi moja moja ukisikiliza uzi wa 6, wa 2 na wa 1 tu. Nyuzi za 5, 4 na 3 zikiwa bubu, ziache. Watu wengi hukata tamaa hapa bure, wakihangaika kuzisikilizisha nyuzi sita kwa kidole kimoja. Kodi ya F haidai hivyo. Nyuzi tatu za katikati zitabonyezwa na vidole vingine mbele yake, na kidole cha shahada kinawajibika kwa nyuzi tatu tu: mnene mmoja juu, nyembamba mbili chini. Ndiyo maana kidole kilichopinda kidogo katikati kama upinde hufanya kazi vizuri kuliko kilichokakamaa.

Uzi wa 2 ukikataa, angalia mkunjo wa kiungo cha kidole uko wapi. Karibu kila mara umekaa juu yake. Panda au shuka na kidole milimita 2 au 3, donoa tena. Kuna sehemu moja ambapo nyuzi zote tatu zinalia, na kila mkono una yake. Ukiipata, tazama ncha ya kidole imeupita uzi wa 6 kwa kiasi gani, ukariri. Kuna ambao ncha inaishia palepale kwenye uzi, na wengine inapita nusu sentimita.

Nguvu itoke wapi? Siyo kwenye dole gumba. Acha mkono wa kushoto uning'inie kwa uzito wake, kiwiko kikivuta kuelekea nyuma karibu na mbavu, huku mkono wa kulia ukizuia mwili wa gitaa usisogee. Kujihakiki, ondoa dole gumba kabisa huku umelaza kidole. Nyuzi zikiendelea kulia, umeelewa. Zikizimika palepale, ulikuwa unaminya.

Umefaulu ukiona: unalaza kidole bila kutazama, na uzi wa 6, 2 na 1 zinalia mara nne kati ya tano.

## Hatua ya 4: Ongeza vidole vitatu

Usianze kwa kuvirundika juu ya kidole kilicholala. Anza na E ya kawaida, ila ibonyeze kwa vidole vingine:

- kidole cha kati: uzi wa 3, freti ya 1
- kidole cha pete: uzi wa 5, freti ya 2
- kidole cha mwisho: uzi wa 4, freti ya 2

Kidole cha shahada kinabaki hakina kazi. Piga E hiyo mpaka vidole vizoee, maana kidole cha mwisho huwa kigeni na huchelewa. Umbo hilohilo ndilo F. Tofauti ni kwamba linasogea mbele na kidole cha shahada kinashika nafasi ya daraja dogo.

Sasa hamisha umbo zima hadi kidole cha kati kiwe freti ya 6, cha pete na cha mwisho freti ya 7. Laza kidole cha shahada freti ya 5. Hii ni A. Donoa kutoka uzi wa 6 hadi wa 1, polepole, ukisikiliza kila mmoja.

Kidole cha pete na cha mwisho vimekaa freti moja, kwa hiyo vikae kwa mshazari kidogo, cha mwisho kikiwa karibu zaidi na chuma. Visimame kwa ncha. Kidole cha pete kikilala kinagusa uzi wa 4. Cha mwisho kikilala kinaziba uzi wa 3. Cha kati kikilala kinaua uzi wa 2, nawe utakilaumu kidole cha shahada kwa kosa lisilo lake.

Jambo moja la ajabu kidogo: vidole vitatu vikishakaa, kidole cha shahada huzunguka na kurudi kwenye tumbo lake bila wewe kujua. Kikague tena kila unapomaliza kupanga umbo.

Umefaulu ukiona: nyuzi sita zote zinalia kwenye freti ya 5, hata kama ilikuchukua sekunde kumi kuzipanga. Kasi itakuja Hatua ya 7.

## Hatua ya 5: Bonyeza, legeza

Ukiwa kwenye A ya freti ya 5, piga mara moja. Legeza vidole bila kuviondoa juu ya nyuzi, hesabu mbili, bonyeza tena, piga. Fanya mara kumi, pumzika dakika moja, rudia mizunguko mitatu.

Kila mzunguko punguza nguvu kidogo mpaka uzi mmoja uanze kukoroma, kisha ongeza kiasi kidogo tu. Hapo ndipo penye nguvu unayohitaji, na kwa wengi ni pungufu sana kuliko waliyokuwa wakiitumia. Zoezi hili ndilo linalomwezesha mtu kumaliza wimbo wa dakika tano bila mkono kufa ganzi.

Tahadhari: ncha za vidole kuuma ni kawaida na huisha zikishakomaa. Maumivu kwenye kifundo cha mkono, kwenye nyama ya dole gumba, au ganzi ya vidole siyo kawaida. Acha kwa siku hiyo, na kesho rudi Hatua ya 2 na ya 3, kwa sababu maumivu hayo maana yake unaminya kwa dole gumba au umekunja kifundo kupita kiasi.

## Hatua ya 6: Shuka freti moja moja

Kutoka freti ya 5, telezesha umbo zima hadi ya 4. Donoa nyuzi zote. Zikilia, nenda ya 3 (sasa ni G), kisha ya 2, mwisho ya 1. Uzi mmoja ukikataa, rudi freti moja juu, usikie sauti safi, ushuke tena. Usiruke kwenda freti ya 1 eti ndiko F iliko. Umbo lililopangwa vibaya ukilirudia mara mia, mkono utalikariri vilevile lilivyo vibaya.

Unaposhuka, kila kitu kinabadilika kidogo. Mkono unanyooka, nafasi kati ya freti zinapanuka, uzi unakuwa mgumu. Lipeleke dole gumba pamoja na vidole. Wengi huliacha nyuma. Inua kichwa cha gitaa zaidi kidogo ukifika freti ya 2 na ya 1.

Ikiwa freti ya 2 inalia safi na ya 1 imekufa kabisa, rudi Hatua ya 1 kwenye kipimo cha daraja dogo. Ugumu kuongezeka kidogo ni halali, lakini freti moja haiwezi kubadilisha kila kitu.

F yenyewe ikikaa, vidole viko hivi: shahada freti ya 1 nyuzi zote, kati uzi wa 3 freti ya 2, pete uzi wa 5 freti ya 3, mwisho uzi wa 4 freti ya 3. Noti zinazotoka kuanzia uzi wa 6 ni F, C, F, A, C, F.

## Hatua ya 7: Kuingia na kutoka

F iliyokaa peke yake haina faida. Kinachowashinda watu kwenye wimbo ni kufika kwa wakati, na njia ya kufika ni kutafuta kidole kisichohitaji kuondoka.

Kutoka C. Kwenye C, kidole cha pete kiko uzi wa 5, freti ya 3. Kwenye F pia kiko uzi wa 5, freti ya 3. Hakiendi popote! Kiache kimebonyeza. Kidole cha mwisho kidondoke kando yake kwenye uzi wa 4, kidole cha kati kivuke kutoka uzi wa 4 kwenda uzi wa 3 kwenye freti ileile ya 2, kisha cha shahada kinyooke na kulala. Wanaoinua mkono mzima na kuanza upya hujipa kazi mara nne.

Fanya kwanza bila kupiga. C, F, C, F, ukitazama kidole cha pete kama kinainuka. Kikiinuka hata nywele moja, anza tena.

Kutoka Dm. Hapa anayebaki ni kidole cha kati: uzi wa 3, freti ya 2, kwenye kodi zote mbili. Vingine vinajipanga kumzunguka.

Kutoka G na Am. Hakuna kidole kinachobaki. Kwa kodi hizi peleka kidole cha pete na cha mwisho kwanza, kama jozi, cha shahada kifuate. Kidole cha shahada kikitangulia, vingine huchelewa kwa sababu havina nafasi ya kupitia.

Wakati F kubwa bado inakomaa, si dhambi kutumia F ndogo, yaani F ileile kwa nyuzi nne tu (siyo Fm), kwenye nyimbo: shahada ibonyeze uzi wa 1 na wa 2 freti ya 1, kati uzi wa 3 freti ya 2, pete uzi wa 4 freti ya 3, nyuzi za 5 na 6 usizipige. Kwenye bendi yenye besi hakuna atakayelalamika. Ila usihamie huko moja kwa moja, maana F kubwa ndiyo mlango wa kodi zote zinazofuata.

## Hatua ya 8: Itie kwenye mdundo

Weka metronomu midundo 60 kwa dakika. C mara nne, F mara nne, kupiga kuelekea chini tu. Mkono wa kulia hausimami hata kodi ikitoka mbovu. F iliyokoroma kwa wakati wake ni afadhali kuliko F safi iliyochelewa, kwani nyimbo hazimsubiri mtu.

Siri iko kwenye pigo la nne. Usisubiri liishe ndipo uhame. Likishapigwa tu, mkono wa kushoto uanze kuondoka, na nusu pigo inayobaki ndiyo nauli yako. Nyuzi wazi zikisikika kidogo hapo, acha zisikike. Ukipata mizunguko minane bila kuchelewa, ongeza midundo 5.

Ukifika 90, badili uwe mzunguko wa C, F, G, F, mapigo mawili kila kodi. Utautambua mara moja kama umesikiliza rumba la Kongo au muziki wa dansi wa Tanzania, kwani sebene nyingi zimejengwa juu yake. Piga F na G zote kwa umbo la kulaza kidole, freti ya 1 na ya 3, uteleze kati yake bila kuvunja umbo. Baada ya kila pigo legeza vidole kama ulivyofanya Hatua ya 5. Sauti inakuwa fupi na yenye kuchezeka, na mkono unapumzika katikati ya wimbo bila msikilizaji kujua.

## Uzi gani ni bubu?

Donoa moja moja, kisha tafuta hapa.

- Uzi wa 6: ncha ya kidole cha shahada haijaufikia, au kidole kimerudi mbali na freti.
- Uzi wa 5: kidole cha pete kiko mbali na chuma, hutokea sana freti ya 1 kwa sababu ya upana.
- Uzi wa 4: kidole cha mwisho ni dhaifu, au kidole cha pete kimelala kikaugusa. Inua pete kwanza kabla ya kuongeza nguvu.
- Uzi wa 3: kidole cha mwisho kimelala juu yake. Ukikoroma badala ya kunyamaza, cha kati hakijafika karibu na chuma.
- Uzi wa 2: mkunjo wa kidole cha shahada, au nyama ya kidole cha kati.
- Uzi wa 1: sehemu ya chini ya kidole cha shahada imeinuka. Sogeza kifundo cha mkono mbele kidogo ya shingo, kidole kitashuka.
- Zote zinalia lakini kodi inasikika chafu: unavuta nyuzi pembeni bila kujua, au gitaa halijatyuniwa. Nguvu nyingi mno pia hupandisha sauti ya uzi, hasa kwenye freti zilizoinuka sana.

## Umbo hilohilo, kodi nyingine

Jina la kodi linatoka kwenye noti ya uzi wa 6 chini ya kidole cha shahada: freti ya 1 ni F, 3 ni G, 5 ni A, 7 ni B, 8 ni C, 10 ni D. Freti zilizo katikati ni zile nusu. Mwimbaji akisema wimbo upande nusu, unasogea freti moja na kazi imekwisha. Kwaya zinazoimba tenzi kwa F, B bemoli na E bemoli (bemoli ni kushuka nusu), funguo ambazo wapiga kinanda huzipenda na wapiga gitaa huzikimbia, zitaacha kukutisha.

Ukiinua kidole cha mwisho, unapata F7. Ukiinua cha kati, unapata Fm. Vitabu husema hizi ni rahisi zaidi kwa kuwa vidole vimepungua, lakini mkono utakuambia vingine: kwenye F7 uzi wa 4 umerudi mikononi mwa kidole cha shahada, na kwenye Fm uzi wa 3 vilevile, ambao ndio upo katikati kabisa ya kile kiupinde. Jifunze F7 kwanza, kisha Fm, zote kuanzia freti ya 5 kushuka. Kwa Fm nyoosha kidole cha shahada zaidi kuliko ulivyozoea na ukishushe au kukipandisha tena hiyo milimita 2, kwa sababu mahali palipofaa kwa nyuzi tatu huenda pasifae kwa nne.